BIMA YA AFYA: TULIYOJIFUNZA KWENYE SANDUKU LETU

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Nyasubi, Kahama)



Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na mmesikia habari za hisa, mikopo na faida. Hatutarudia. Sisi tumeombwa tuseme juu ya bima ya afya, kwa sababu ndilo jambo lililotugombanisha kuliko yote katika miaka hii 10. Limetugombanisha kuliko hata ule mkopo wa mashine ya kukoboa mpunga. Naona wanaojua wanacheka.

Tuanze na sanduku letu lenye kufuli tatu. Ndani yake mna mifuko miwili ya kitambaa: mmoja wa hisa, na mmoja mdogo tunaouita mfuko wa jamii. Huu mdogo ni wa ugonjwa, msiba na uzazi. Tulipoanza tulikubaliana kwamba mfuko wa jamii uwe wa hiari: anayetaka anatoa shilingi 500 kila Jumatano, asiyetaka haulizwi. Tuliona hiyo ndiyo haki. Mtu mzima hapangiwi.

Sasa ni nani aliyetoa? Alitoa mwenye mimba. Alitoa mwenye mama mzazi mgonjwa wa sukari. Alitoa mwenye watoto wadogo wanne wanaopokezana malaria. Wale wenye afya zao, wanaouza mitumba Majengo na kurudi jioni wanaimba, walisema wao hawaumwi. Haikufika miezi sita mfuko ukabaki mtupu. Kila aliyetoa alikuwa amekwisha kuchukua, tena zaidi ya alichotoa. Hakuna aliyeiba. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa haiwezi kusimama. Tukakaa, tukabishana, tukaufanya mfuko wa jamii kuwa lazima kwa kila mwanachama. Wawili waliondoka siku ile. Mmoja alirudi baadaye, naye leo ndiye mhesabu fedha wetu.

Tunasema haya kwa sababu yaliyotupata sisi na sanduku letu yamelipata taifa zima.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa matibabu bila malipo, baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1977 serikali ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, na hazikuruhusiwa tena mpaka 1991. Kisha hela ikaisha. Dawa zikapungua zahanati, na mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama hospitalini. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kuuza mbuzi usiku.

Mwaka 1996 lilianza jaribio la Mfuko wa Afya ya Jamii. Lilianzia hapo jirani zetu Igunga. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, serikali nayo ikaongezea kwa mpango walioupa jina la tele kwa tele. Sheria yake ikaja 2001. Mwaka huohuo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ukaanza kazi kwa watumishi wa serikali, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Mwalimu hakuulizwa kama anataka. Alikatwa, na kadi ikapatikana. Sisi wa sokoni tuliachiwa hiari yetu, na hiari yetu ikatufanyia yaleyale ya sanduku. Watu walikata kadi wakiwa tayari kitandani. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa, ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na kadi ikafika mpaka hospitali ya mkoa. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo katika kikundi chetu waliokata hawakufika nusu.

Hata NHIF yenyewe ilipofungua mlango kwa watu wa kawaida iliona hayohayo. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto. Wazazi wengi walimwandikisha yule anayeumwa na kumwacha mzima nyumbani. Mwaka 2023 mfuko uliacha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka waandikishwe kwa pamoja kupitia shule. Tulilalamika sana hapa Nyasubi. Lakini jamani, tukijitazama wenyewe, si ndivyo tulivyofanya?

Basi, yupo mama mwenzetu, jina lake tunaliacha, naye ameturuhusu tuseme. Mume wake ni mchimbaji mdogo. Miaka michache iliyopita aliporomoka ndani ya duara, mguu ukavunjika sehemu mbili na nyonga ikaumia. Alifikishwa hospitali moja usiku, wakasema hii ni ya kupelekwa mbele. Kadi ya kaya waliyokuwa nayo mwisho wake ulikuwa ndani ya mkoa. Mbele zaidi ni fedha mkononi. Ilitakiwa 1,400,000 kabla ya vyuma kuwekwa. Mfuko wetu wa jamii siku ile ulikuwa na 312,000.

Tulikutana usiku uani kwa mwenyekiti, kwa taa ya simu. Wako waliosema tuchukue hela ya hisa, mtu anakufa. Wako waliosema hela ya hisa ni ya ada za watoto Januari, na leo tukivunja kanuni kwa mmoja, kesho tutavunja kwa nani? Wote walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana kikao kilikuwa kigumu. Bibi mmoja wa hapa akasema, "Mayu, mimi hisa zangu chukueni, nina mifupa mizee, hata mimi nitaanguka." Tukamkopesha. Alilipa kwa miezi 14, akauza kiwanja chake cha Mhungula ambacho alikuwa ameanza kukichimbia msingi. Mume anatembea, anachechemea, anauza maji. Watoto wapo shuleni. Kiwanja hakipo.

Tunapoulizwa kama serikali iendeshe bima ya afya au kila mtu ajitegemee, sisi tunakiona kile kiwanja. Kikundi cha wanawake 28 hakiwezi kubeba nyonga iliyovunjika. Kinabeba panado, kinabeba nauli ya kwenda Mwanza, kinabeba sanda. Mzigo wa nyonga unataka watu milioni nyingi, wazima na wagonjwa, wa Kahama na wa Masaki, ndani ya mfuko mmoja.

Lakini msidhani kwamba tumekubali kila kitu. Muswada wa bima ya afya kwa wote uliposomwa bungeni mara ya kwanza Septemba 2022, tuliufuatilia kwa redio na kwa simu za watoto wetu. Kiwango kilichotajwa wakati ule kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, au 84,000 kwa mtu mmoja. Katibu wetu alichukua kalamu. 340,000 gawanya kwa wiki 52 ni zaidi ya 6,500 kila wiki. Kutoka 30,000 mpaka 340,000 ni mara 11 na zaidi. Mama anayeuza vitumbua stendi alicheka tu, hakuweza hata kukasirika.

La pili lilikuwa la kulazimisha. Muswada ule ulitaka bima iwe sharti la kupata leseni ya biashara, leseni ya udereva, hata kusajili laini ya simu, na mtoto kuingia kidato cha tano. Hapo tuligawanyika. Wako kati yetu waliosema ndiyo hasa, bila kubanwa hatutoi. Walikumbusha habari za sungusungu, walioanzia huku kwetu Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano ukipigwa kila mwanaume anatoka, asiyetoka anatozwa faini. Hakuna aliyesema ulinzi ni hiari, kwa sababu ng'ombe wa jirani akiibiwa leo, kesho ni wako. Wengine wakajibu, na jibu lao lilikuwa zuri: sungusungu walidai miguu na upinde, vitu ambavyo kila mtu anavyo. Hawakudai 340,000 kutoka kwa mjane halafu wakamnyang'anya simu anayopokelea hela.

Muswada ulicheleweshwa, ukarekebishwa, na sheria ikapita mwishoni mwa 2023. Tunashukuru kwamba kelele zilisikika. Sheria ile inasema kujiunga ni lazima, na pia inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaopata fedha kutoka vyanzo kama vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Waume zetu mliopo, sasa mnajua bia yenu inakwenda wapi, msinywe kwa kisingizio hicho. Habari za viwango vinavyotumika na mafao yake tunawaachia maafisa waliokuja leo, hatutaki kuwasemea.

Kwa majirani nako kuna la kutazama. Malori ya Rwanda yanapita hapa Kahama usiku na mchana. Kule waliweka bima ya jamii inayofika mpaka kijijini, watu wakapangwa kwa uwezo wao, na maskini kabisa wakalipiwa. Kenya walikuwa na mfuko wao tangu 1966, wakaufuta na kuanza mwingine Oktoba 2024, wa kukata asilimia 2.75 ya kipato, na malalamiko yakawa mengi mahakamani na mitaani. Waingereza tangu 1948 hulipia matibabu kwa kodi, mgonjwa haulizwi kadi ya kulipia mlangoni. Kila nchi imechagua, na kila nchi bado inabishana.

Ubishi wetu sisi uliobaki ni wa uaminifu. Kuna mama mwenzetu ambaye mpaka leo anapinga. Anasema sanduku letu linafunguliwa mbele ya macho yetu, hela inahesabiwa na watu wawili, kiasi kinatajwa kwa sauti na kila mtu anakikariri mpaka Jumatano ijayo. Je, mfuko wa taifa nani anautaja kwa sauti? Hatukumzomea. Ripoti ya CAG ya mwaka 2021/22 ilionyesha NHIF inatumia kuliko inavyokusanya. Machi 2024 hospitali kubwa za binafsi ziligoma kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kugombania kitita kipya cha bei, na kwa siku kadhaa mwenye kadi alikuwa sawa na asiye nayo. Na sisi wenyewe tumewahi kushika kadi halali, tukaandikiwa dawa, tukaelekezwa duka la nje. Kadi ya namna hiyo inamfanya mama ajione mjinga aliyelipa mara mbili. Mwaka unaofuata halipi.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie haya matatu tu. Kwanza, fedha ikusanywe wakati ambapo sisi tunayo. Hapa hela ipo mpunga unapovunwa, kati ya Mei na Julai. Januari ni ya ada, na Februari hata mchwa ana njaa. Pili, anayeitwa hana uwezo achaguliwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa, maana tunajuana, na orodha inayoandikwa ofisini huwa na shangazi za watu. Tatu, hesabu ya dawa zilizoingia zahanati na zilizotoka ibandikwe ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Sisi tutakuja kuisoma.

Upande wetu, kikundi kilipiga kura mwezi uliopita. Kura 19 dhidi ya 9, tumekubali kwamba mfuko wa jamii umlipie kila mwanachama bima ya kaya yake wakati wa mavuno, naye arudishe kidogo kidogo kila wiki bila riba. Asiyerudisha atakatwa kwenye hisa siku ya kugawana. Yule mama anayepinga naye amekubali kukatwa, ila ameomba iandikwe kwenye kitabu kwamba alipinga. Imeandikwa.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Tuna bibi wawili katika kikundi ambao hawatakuwa na cha kurudisha. Mmoja ni yule aliyetoa hisa zake usiku ule. Sheria inasema wasio na uwezo watalipiwa, lakini wao hawajui kama majina yao yamo. Wako wanaotaka tuwalipie sasa hivi, na wako wanaotaka tusubiri orodha ya serikali, kwa hoja kwamba tukiwalipia, majina yao hayataingia kabisa. Washika funguo wote watatu wameombwa wafike Jumatano saa 10 jioni bila kukosa. Ajenda ni hiyo tu.