Karo kwa Jina la Marehemu
(Maneno ya mzazi mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nawashukuru kwa kunizikia mwanangu. Siku zote za matanga hamkuniacha peke yangu.

Fedha za mchango zilizosalia, nimeshauriwa nizitumie kwa karamu ya kumaliza matanga na kwa kulijengea kaburi. Desturi hiyo siidharau. Lakini ng'ombe huliwa siku moja.

Nakumbuka habari za Leland na Jane Stanford wa California, Marekani. Mtoto wao wa pekee alifariki kwa homa ya matumbo mjini Florence mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka uliofuata wakaanzisha chuo kikuu kwa jina lake. Kikafunguliwa 1891, na wanafunzi wa kwanza hawakutozwa ada ya masomo. Wale walikuwa matajiri, nasi si matajiri. Lakini uchungu wa kufiwa na mtoto ni mmoja.

Mwanangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa karo. Kwa hiyo naomba fedha hizi ziwe mwanzo wa mfuko wa karo kwa yatima wa wanachama. Na kila atakayesaidiwa awafundishe wadogo kusoma wakati wa likizo. Kaburi nitalipalilia mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba. Wazee wangu, nawasihi mnikubalie.