Upungufu wa Chembe Sahani Wakati wa Homa: Mashine, Kioo cha Damu na Uamuzi wa Tabibu

Mada kwa semina ya watumishi wa maabara na kliniki, Voi

Chembe sahani ni vipande vidogo visivyo na kiini, vinavyomeguka kutoka seli kubwa za uboho na kuishi katika damu kwa siku 7 hadi 10, na kazi yake ni kuziba mishipa iliyojeruhiwa na kuanzisha mgando. Kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita ya damu. Maambukizi huzipunguza kwa kuulegeza uboho, kwa kuzimaliza haraka ndani ya mishipa, au kwa kuzizuia katika wengu uliovimba. Hayo yanafahamika, wala hayahitaji kurefushwa mbele ya hadhira hii.

Katika Taita Taveta, malaria ya nyanda za chini za Taveta ndiyo sababu inayofikiriwa kwanza, na kwa haki, kwani wagonjwa wengi wa malaria hupungukiwa chembe sahani na kuzipata tena baada ya kutibiwa. Hata hivyo, Voi imekaa juu ya barabara kuu na reli itokayo Mombasa, mji uliopatwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2013 na tena 2021, na mbu waenezao dengi huzaana katika mapipa na mitungi ya maji ya kuhifadhiwa nyumbani. Katika dengi, chembe sahani huporomoka zaidi pale homa inaposhuka, yaani wakati ambapo mgonjwa na jamaa zake hudhani amepona.

Tatizo linalostahili muda mrefu zaidi ni kwamba namba iliyochapishwa na mashine huaminiwa bila kuhakikiwa. Damu ya baadhi ya watu hufanya mabonge ndani ya chupa ya kifuniko cha zambarau kwa sababu ya dawa ya kuzuia mgando iliyomo, na mashine huliona bonge zima kuwa kitu kingine. Damu iliyotolewa kwa shida nayo huganda kidogo kabla ya kufika maabara. Na chembe sahani changa, ambazo ni kubwa, huhesabiwa kuwa seli nyekundu. Mgonjwa mwenye namba ya uongo hukimbizwa Mombasa, mwendo wa kilomita 150 hivi, ilhali mwenye upungufu wa kweli huweza kuambiwa ana malaria tu na kuchomwa sindano ya diklofenaki, dawa inayoongeza hatari ya kutoka damu.

Dawa ya kosa hili ni ya zamani. Mtaalamu hukagua kwanza mkia wa utando mwembamba wa damu uliopakwa kwenye kioo kuona kama kuna mabonge, kisha huhesabu chembe sahani katika nyuga 10 za hadubini kwa lenzi ya mafuta, hutafuta wastani na kuuzidisha kwa 15,000. Wastani wa chembe 12 huashiria takriban 180,000, hata kama mashine imeandika 40,000. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa muda, na hakuna anayeomba kiondolewe, lakini pale kilipochukua nafasi ya kioo, jicho la mtaalamu nalo limeondoka kwenye damu ya mgonjwa.

Inapendekezwa, kwa heshima ya idara husika, kwamba kila namba iliyo chini ya 100,000 ihakikiwe kwa kioo kabla ya kutolewa. Kwamba mabonge yakionekana, damu itolewe upya katika chupa ya sitrati na jibu lizidishwe kwa 1.1, kwamba saa ya kutoa damu iandikwe kwenye fomu, kwamba mgonjwa wa homa mwenye upungufu apewe parasetamoli, wala si diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, kwamba asiyetoka damu asiongezewe chembe sahani kwa sababu ya namba peke yake, kwamba mgonjwa wa dengi aangaliwe kwa makini zaidi homa inaposhuka, na, kwa kuwa jambo hili limekwisha kusemwa katika vikao vingi, kwamba kioo kisomwe kwanza. Rangi ya Giemsa inayohitajika ndiyo ile ile inayopakwa vioo vya malaria, na usomaji huchukua dakika chache. Kinachosubiriwa ni agizo la maandishi kwa wakuu wa maabara.