MCHORO UKISHUKA, BEI HAIJASHUKA
Vijana tujifunze kusoma ramani na takwimu kabla hatujasomewa

(Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya vijana wa vijiwe mbalimbali jijini Dar es Salaam. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



 Najua aliyefunga meza yake Kariakoo saa hizi anapoteza wateja, na mwenye bodaboda anapoteza vichwa. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno ya vitabuni. Nimebandika karatasi chache hapa ukutani. Tutazisoma moja baada ya nyingine, na asiyeelewa aniulize hapa hapa, asisubiri kwenda kuuliza kijiweni.

Kwa nini tunajifunza jambo hili? Kwa sababu siku hizi ukimuuliza mkubwa kwa nini maisha ni magumu, hakujibu kwa maneno. Anakuonyesha mchoro. Una mstari unaopanda, una rangi ya kijani, na chini umeandikwa asilimia. Wewe kabwela unabaki umeduwaa, unaanza kujiuliza kama njaa yako ni ya kweli au ni uvivu wako tu. Tukatae kuduwazwa. Mchoro ni maneno kama maneno mengine, na maneno hujibiwa na anayeyaelewa.

BEI ZIMESHUKA WAPI?

Tazameni karatasi ya kwanza. Ni mfumuko wa bei wa Tanzania kwa miaka mitatu, kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Desemba 2011 ulikuwa asilimia 19.8. Desemba 2012 asilimia 12.1. Desemba 2013 asilimia 5.6. Mstari unateremka kama maji ya mlimani. Wakati ule tuliambiwa mfumuko umeshuka, na ni kweli ulishuka. Lakini mama aliyekwenda sokoni hakuona kilichoshuka, akasema anadanganywa.

Nani alikuwa mkweli? Wote wawili! Mfumuko wa bei ni mwendo wa bei, siyo bei yenyewe. Basi linalopanda Kitonga likipunguza mwendo halijaanza kuteremka. Bado linapanda, ila linapanda polepole. Chukueni kalamu. Kapu la vitu lililouzwa shilingi 1,000 Desemba 2010 liliuzwa shilingi 1,198 mwaka uliofuata. Desemba 2012 likafika kama shilingi 1,343. Desemba 2013, wakati mstari uko chini kabisa, kapu lile lile lilikuwa shilingi 1,418. Mstari ulioshuka na bei iliyopanda vimetoka katika takwimu zile zile.

Basi mtu akikuonyesha mstari, swali la kwanza ni hili: mstari huu unapima nini? Unapima kitu chenyewe, au mwendo wa kitu? Asiyeuliza hivyo atashangilia kila mwaka huku mfuko wake unatoboka.

NGUZO ILIYOKATWA MIGUU

Karatasi ya pili ina nguzo mbili. Ni umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya watu wako chini ya mstari wa umaskini. Utafiti wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Nimezichora nguzo hizi mara mbili, kwa takwimu zile zile, bila kuongeza wala kupunguza.

Mchoro wa kushoto unaanzia sifuri. Nguzo ya pili ni fupi kidogo kuliko ya kwanza, kiasi kwamba aliyekaa nyuma kule haoni tofauti. Mchoro wa kulia unaanzia 26. Hapo nguzo ya kwanza ina kimo cha 2.2 na ya pili ina kimo cha 0.4. Ukiutazama haraka utasema umaskini umebaki chini ya robo ya ulivyokuwa! Hakuna aliyedanganya namba hata moja. Kilichofanyika ni kuzikata nguzo miguu. Kwa hiyo swali la pili ni hili: rula inaanzia wapi?

Lakini hapo hatujamaliza. Asilimia ni sehemu ya watu, na watu wanaongezeka. Kwa sensa ya 2012 Tanzania Bara ilikuwa na watu milioni 43.6. Asilimia 28.2 yao ni kama watu milioni 12. Benki ya Dunia katika ripoti yake ya 2019 ilisema waliokuwa chini ya mstari huo mwaka 2018 walikuwa kama milioni 14. Asilimia imepungua, maskini wameongezeka. Serikali ikisema umaskini umepungua inasema kweli. Mpinzani akisema maskini wameongezeka naye anasema kweli. Mwananchi mwenye akili anadai michoro yote miwili ibandikwe ukuta mmoja.

WASTANI HAUNUNUI UNGA

Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kuwa Tanzania imeingia uchumi wa kati wa chini. Pato la taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilihesabiwa kuwa dola 1,080, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Wengi mtakumbuka shangwe za wakati ule. Sisemi namba ile ilikuwa ya uongo. Nasema tuijue ni namba ya aina gani.

Tuseme hapa kijiweni tuko 10. Tisa tunapata shilingi 5,000 kwa siku. Wa kumi ni tajiri, anapata shilingi 500,000. Jumlisheni, mgawanye kwa 10. Wastani ni shilingi 54,500 kwa kila mtu! Kwa wastani sisi sote ni watu wenye nafasi. Lakini nani kati yetu ameishika hiyo 54,500? Hakuna hata mmoja. Sisi tisa tuko mbali chini yake, na tajiri yuko mbali juu yake. Wastani ni mtu asiyekuwepo. Ndiyo maana swali la tatu ni hili: jumla hii imegawanywaje? Waombeni wachore watu wote kwa mafungu, kuanzia wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, halafu kila mmoja ajitafute yuko fungu gani.

JIJI LIMERUKA MSTARI

Sasa tuje kwenye watu wenyewe. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. 1978 milioni 17.5. 1988 milioni 23.1. 2002 milioni 34.4. 2012 milioni 44.9. 2022 milioni 61.7. Angalieni kwanza miaka. Kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, lakini kati ya sensa nyingine nyingi ni miaka 10. Mchoraji mvivu huziweka nukta zote kwa nafasi sawa, na hapo ukuaji wa miaka ile 14 unaonekana mkali kuliko ulivyokuwa. Ukigawanya sawasawa, nchi iliongeza kama watu laki 8 kwa mwaka kati ya 1988 na 2002, zaidi kidogo ya milioni 1 kwa mwaka hadi 2012, na karibu milioni 1.7 kwa mwaka hadi 2022. Katika kila watu 100, zaidi ya 40 hawajafikisha miaka 15. Hao ndio watakaokuja kuomba kazi, na wewe ambaye hujaipata bado uko kwenye foleni.

Dar es Salaam je? Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 1.36 mwaka 1988, milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Mwenye mchoro wa Dar peke yake atasema: jiji limepoa, watu hawaji tena kwa kasi ile. Ni kweli kasi imepungua. Lakini fungueni ramani muone jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikuwa na zaidi ya milioni 2. Karibu mara mbili kwa miaka 10!

Wanaosafiri asubuhi wanalijua jibu. Jiji halikusimama, limeruka mstari wa mkoa. Kijana aliyeshindwa kodi ya Sinza anatafuta kiwanja Mkuranga, Kibaha au upande wa Bagamoyo, halafu kila alfajiri anagombania gari kurudi Kariakoo. Kwenye takwimu yeye ni mtu wa Pwani. Kwenye foleni yeye ni mtu wa Dar. Barabara, maji na zahanati hupangwa kwa mkoa na halmashauri. Kijana huyu asipoonekana kwenye mchoro wa jiji, ni rahisi asahauliwe kwenye bajeti ya jiji. Mstari wa ramani huchorwa na watu, lakini shida haiujui mstari huo.

Jambo jingine kuhusu ramani. Mkiona ramani ya nchi iliyopakwa rangi mkoa kwa mkoa, msidanganyike na ukubwa wa rangi. Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilometa za mraba 60,000 na mwaka 2022 ulikuwa na watu kama milioni 1.2. Dar es Salaam haifiki kilometa za mraba 1,500, nayo ina watu zaidi ya mara nne ya Lindi. Kwenye ramani ya ukutani Lindi ni shuka na Dar ni kifungo cha shati. Kumbukeni hilo hata siku za uchaguzi, kwa sababu ardhi haipigi kura.

NANI ANASHIKA KALAMU?

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, London, kikaua watu zaidi ya 500 kwa siku 10. Wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, akazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa na alikuwa anachota maji wapi. Wengi walikuwa wanachota pampu moja ya Broad Street. Alipowapelekea wakubwa ushahidi huo, mkono wa pampu uling'olewa Septemba 8. Baadaye alichora ramani, kila aliyekufa akawa kijistari mbele ya nyumba yake, na vistari vikajaa kuizunguka pampu. Mtu wa Dar aliyekiona kipindupindu cha mwaka 2015 anajua thamani ya ramani ya namna hiyo.

Msidhani hayo ni ya Wazungu tu. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi walipita mitaani na vifaa vya kupimia, wakaweka kwenye ramani vichochoro, visima na vyoo. Kuanzia 2015 kazi hiyo ilipanuliwa na mradi wa Ramani Huria katika kata nyingi zinazofurika. Waliochora walikuwa vijana kama ninyi.

Na jambo hili si mchezo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 hapa jijini, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga ziliingia bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi zikapakwa X nyekundu. Siku ile hoja ilikuwa moja: nyumba yako iko ndani ya mstari wa bonde au nje? Aliyekuwa na karatasi alikuwa na la kusema. Asiyekuwa nayo alikuwa na machozi. Bondeni ni hatari kweli, sipingi. Lakini mtaa usiojua mstari umepita wapi hauwezi kujitetea wala kudai fidia.

Kubishana juu ya namba nako kuna historia yake hapa nchini. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye kulenga kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Oktoba mwaka huo huo Benki ya Dunia ilitamka wazi kuwa ina wasiwasi mkubwa. Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa. Jiulizeni: kama mchoro ni pambo tu, kwa nini mtu atishiwe jela kwa kuupinga?

Ndugu zangu, nawaachia kazi. Kila mtaa utafute vijana wawili wenye mwandiko mzuri. Wachore mtaa wao: kisima kiko wapi, maji yakijaa yanafika wapi, zahanati iko umbali gani. Waende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakaombe mapato na matumizi, wayachore kwa nguzo zinazoanzia sifuri, wayabandike mahali kila mpita njia atayaona. Na mkubwa yeyote akija na mchoro wake, muulizeni kwa adabu maswali manne: unapima nini, rula inaanzia wapi, jumla imegawanywaje, na nani ameachwa nje ya mstari.

Akijibu yote manne, mpigieni makofi kwa dhati. Akishindwa, msimzomee. Mwambieni akakae, achore upya.