Hotuba juu ya Pombe Iliyotiwa Sumu



Sikuja kuhubiri juu ya ulevi; kazi hiyo wanayo watu wa dini, nao waifanya vema. Nimekuja kusema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni methanoli.

Busaa na muratina hulevya kwa kileo kiitwacho ethanoli. Methanoli ni jamaa yake, walakini jamaa mwovu. Hutumiwa viwandani, kama katika rangi za kupaka. Yenyewe haina rangi, na harufu yake ni ya kileo. Kwa hiyo mnywaji hawezi kuitambua. Wauzaji wenye tamaa huitia katika chang'aa ili iwe kali kwa gharama ndogo.

Mwezi wa Novemba, 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walifariki kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 msiba ukaingia Machakos. Mwaka 2014 Embu, Kiambu na kwingineko. Na mwezi wa Februari, 2024, ukafika Kirinyaga. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa iuzwe kwa leseni, katika chupa yenye maandishi. Lakini hata maandishi huweza kughushiwa.

Sasa sikilizeni namna sumu hii ifanyavyo kazi. Mtu aliyeinywa hulewa kidogo kama desturi, kisha huenda kulala. Ini lake huigeuza polepole kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo iharibuyo mshipa wa jicho. Zaweza kupita saa 12, au 24, au zaidi, kabla hajaona taabu. Kisha tumbo humuuma, hutapika, hupumua upesi upesi, na macho huona weupe, kana kwamba amesimama katika ukungu wa Limuru alfajiri. Watu wa nyumbani husema, "Ni pombe ya jana, mwacheni alale." Kwa maneno hayo wengi wamepotea.

Akifika hospitali mapema, ziko dawa za kulizuia ini lisiigeuze methanoli, tena iko mashine ya kusafisha damu. Dawa mojawapo ni ethanoli yenyewe, kwa kipimo cha daktari. (Naona wengine wanacheka, lakini mtu asithubutu kujitibu hivyo nyumbani.) Macho yakisha kuharibika, mara nyingi hayarudi.

Wako wamfichao mgonjwa kwa kuogopa polisi. Akina mama, mgonjwa akisema haoni vizuri, apelekwe usiku huo huo. Mwambieni daktari waziwazi alikunywa nini, wapi, na saa ngapi. Na chupa ikiwa imebaki na kitu ndani, ichukueni. Nao waliokunywa pamoja naye, watafuteni nyumba kwa nyumba, waende hospitali, hata kama bado wajiona wazima.