Fimbo ya Mbali



Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hutumiwa sana kuwabeza waandishi wa habari waliokimbilia ugenini. Husemwa: wao wamekaa salama kwenye baridi, watajua nini cha huku? Leo tuipime kauli hiyo, na tuanzie Pemba.

Tarehe 27 Januari 2001 maandamano ya CUF Visiwani yalizimwa kwa risasi, na Pemba ndiko kulikoumia zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliokufa si chini ya 35. Tume ya serikali, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilitaja 31. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Waliotaka kujua yaliyotokea Wete na Micheweni waliwakuta mashahidi huko. Aliyevuka alikuwa na ulimi. Aliyebaki alikuwa na hofu. Basi kuwa mbali si lazima kuwe ujinga.

Tumwangalie Abdulrahman Babu. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 alikuwa mhariri wa Zanews. Akafungwa 1972 hadi 1978, kisha akaishi Marekani na London, akiandika mpaka alipofariki Agosti 1996. Babu aliandika hoja, na hoja husafiri na mwenyewe. Habari ni jambo jingine. Habari hubaki pale ilipotokea, pamoja na aliyeiona.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Mhariri Ansbert Ngurumo alikimbia nchi wakati wa utawala wa Rais Magufuli, akaendelea kuandika akiwa Ulaya kupitia Sauti Kubwa, gazeti la mtandaoni. Mwandishi wa namna hii haoni kwa macho yake. Anategemea simu. Sasa tuseme anataka habari ya Micheweni. Akiandika tu “mwalimu mmoja aliyekuwepo kituoni alfajiri ile,” jina halikutajwa, lakini kijiji kizima kinamjua. Mwandishi yuko ng'ambo. Mwalimu yuko nyumbani kwake, na wanawe.

Wenye kuwinda wanalijua hilo. Tarehe 12 Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, mwanzilishi wa Kwanza TV anayeishi uhamishoni Kenya, alitekwa jijini Nairobi na kuachiwa baada ya saa chache. Alieleza kuwa watekaji walitaka kujua namna ya kuifungua simu yake. Simu ya mwandishi ndilo daftari lake la majina.

Na simu yenyewe huzimika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Aliye nje akawa kama kipofu, na uvumi ukashika nafasi ya habari.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, methali ni ya kweli, ila tumeisoma nusu. Nyoka akikosa kumfikia mwenye fimbo, humgonga aliye karibu. Mwandishi wa uhamishoni analazimika kuuliza watu wawili, watatu, kabla ya kuamini mmoja. Na kuifuta sentensi nzuri ikiwa inamtambulisha mtu, hata kama habari itapungua ladha. Nasi wasomaji tuache kudai, “Nani kakwambia?” Tuache pia kusambaza sauti ya jirani iliyorekodiwa kwa siri. Hatujui itaishia mikononi mwa nani.

Dawa ya kudumu iko nyumbani. Gazeti la Dira lilipofungiwa Zanzibar Novemba 2003, msomaji hakupata ukweli zaidi. Alipata gazeti moja pungufu. Mwandishi akiweza kuandika Chake Chake na kulala Chake Chake, hatutahitaji fimbo ya mbali.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.