Samaki Hajikunji Mwenyewe



Nimeombwa niseme machache kuhusu maadili katika mahafali haya ya darasa la saba. Mara nyingi mtu akipewa mada hii huwageukia watoto. Mimi nitawageukia wakubwa, maana methali zetu zenyewe zimenielekeza huko. Tunasema: samaki mkunje angali mbichi. Anayeamrishwa hapo si samaki. Tunasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kulea kumetangulia, kukua kumefuata. Tumezoea kuzitamka methali hizi huku tukimnyooshea kidole mtoto, ilhali zinatusema sisi.

Serikali imetimiza sehemu yake. Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika, na ndani yake limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nalipokea somo hilo kwa mikono miwili. Lakini nimeshika chaki miaka mingi, na ninajua mtoto anaweza kuandika maana ya uadilifu kwa mwandiko safi, akawekewa vema daftari zima, kisha jioni akamsikia mzazi wake akiulizia bei ya mtihani uliovuja. Siku hiyo amesoma masomo mawili. Atakalokwenda nalo maishani ni la jioni.

Na walimu nasi tusijifiche. Nilipokuwa kijana kazini, kioo cha dirisha kilivunjwa darasani kwangu. Nikauliza ni nani. Mtoto mmoja akasimama, akasema, "Ni mimi, Mwalimu." Nikamchapa viboko mbele ya wenzake. Wengine waliokuwa wakirusha mawe pamoja naye walinyamaza, wakapona. Tangu siku ile, kilipovunjika kitu darasani, hakuna mtoto aliyejua lolote. Nilikuwa nimewafundisha watoto zaidi ya arobaini, kwa dakika tano, kwamba ukweli unauma na uongo unaokoa. Hakuna kitabu kingeweza kulifuta somo lile. Nilimwomba radhi mtoto yule baadaye, lakini nilichelewa.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyepata kufundisha shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, alitupatia sera ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa jembe na shamba la shule. Tumesahau kwamba alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua mapato yatumikeje, wauonje uhuru pamoja na wajibu wake. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha daftari la hesabu. Mtoto akalima, akavuna, asijue mahindi yaliuzwa shilingi ngapi wala fedha ilikwenda wapi. Tena aliyechelewa kufika shuleni akapewa fagio au jembe kama adhabu. Hapo mtoto alijifunza mambo mawili mabaya: kwamba kazi ni aibu, na kwamba kuhusu mali ya wote huulizwi wala huulizi.

Mtoto huyo ndiye leo anayepita penye bomba la kijiji linalovuja, asiseme neno. Ndiye anayekaa nyuma ya meza ya ofisi na kungoja "chai" kabla ya kugonga muhuri. Hakuanza jana. Alianzia kwenye shamba la shule.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu wazazi: mtoto akirudi na alama ndogo alizozipata kwa haki, msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeibia mtihani. Mpokeeni, mkae naye, mrudie kazi ile pamoja.

La pili ni kwenu walimu wenzangu: mtoto anayekiri kosa alitengeneze kosa lake, lakini aone kwamba kusema kweli kumempa heshima. Na fagio lishikwe kwa zamu na wote, mwalimu akiwa wa kwanza, lisiwe tena fimbo ya pili.

La tatu ni kwa Kamati ya Shule: michango ya uji na chakula cha mchana, mapato na matumizi yake, yabandikwe ukutani kila mwezi. Watoto wa darasa la tano na kuendelea wajumlishe na kutoa hesabu hizo wenyewe. Wakikuta kasoro, waulize, na wajibiwe kwa adabu ileile tunayoidai kwao.

Wanangu mnaohitimu, hayo yote hayawaondolei wajibu. Kesho mtakuwa kaka na dada wakubwa, na macho ya wadogo zenu yatakuwa juu yenu kama yenu yalivyokuwa juu yetu.

Wazazi wenzangu, tukitoka hapa kila mmoja atarudi nyumbani na mtoto anayemtazama. Tuanze na jioni ya leo.