Kuongoza chama cha wataalamu wa ugavi: ni kwa faida ya nani?

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na mwenyekiti mstaafu wa chama cha wataalamu wa ununuzi na ugavi cha mkoa, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani. Tumeifupisha kidogo kwa sababu ya nafasi. – Mhariri)



Nilipopigiwa simu na kuambiwa nije kuzungumzia uongozi, nilidhani wamekosea namba. Mimi ni mtu wa stoo. Maisha yangu ya kazi yameishia kati ya leja, mizani na funguo za maghala. Lakini ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2009 hadi 2015 wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa chama chao cha hiari katika mkoa wetu, na katika miaka hiyo sita nilijifunza mambo ambayo ghalani sikuyaona.

Nianze na neno lenyewe. Ugavi linatokana na kugawa. Mtu anaweza kununua kwa bei nzuri, akapata profoma tatu, akasaini kila karatasi, lakini kama mali haikumfikia aliyekuwa agawiwe, huyo amenunua tu. Ugavi bado.

Taaluma yetu si ya jana. Wanunuzi wa Marekani walianzisha umoja wao mwaka 1915, wale wa Uingereza mwaka 1932. Hapa Tanzania sheria ya kwanza ya kuunda bodi ya taaluma hii ilikuwa Sheria Na. 9 ya mwaka 1981. Wazee mliopo hapa mtakumbuka miaka ile ilivyokuwa: foleni za sukari, foleni za sabuni, kipande cha khanga kwa kibali. Mali ilipokuwa adimu ndipo ilipoonekana kwamba anayeshika ufunguo wa ghala anashika jambo zito. Baadaye ikaja Sheria Na. 23 ya mwaka 2007, iliyoweka Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ile tunayoiita PSPTB. Wenzetu wa Kenya nao walipata sheria yao ya taaluma hii mwaka huo huo wa 2007.

Bodi ni chombo cha serikali. Ndiyo inayosajili, inayotahini, na inayoweza kumfuta mtu kwenye rejista. Chama chetu kilikuwa kitu kidogo zaidi: watu wa kazi moja waliokutana, wakachanga ada, wakajipa katiba na kadi. Nguvu yetu ilikuwa moja tu, nayo ni jina. Mwenye kadi yetu mfukoni aliaminiwa upesi zaidi kuliko asiye nayo.

Na hapo ndipo jaribu lilipoingia.

Mwaka wangu wa pili, shule moja ya mkoani kwetu iliagiza mabati 120 ya geji 28. Lori likafika saa mbili usiku. Dereva alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inanyemelea, na mtunza stoo akasaini hati ya kupokelea mali kwamba yamefika 120, yako sahihi. Idadi ilikuwa sahihi. Mabati yalikuwa ya geji 30. Kwa wasiofahamu, namba ya geji ikipanda unene unashuka, kwa hiyo geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, na bei yake ni ndogo. Kwa macho ya mtu aliyechoka, gizani, yanafanana kabisa. Masika yaliyofuata upepo ukang'oa paa la madarasa mawili. Ilikuwa usiku, hakuna mtoto aliyekuwamo.

Mkuu wa shule hakwenda kwanza kwa mzabuni. Alikuja kwetu, akaweka mezani nakala ya hati ile na kusema, “Huyu mtu wenu ana kadi yenu.”

Mtunza stoo huyo sikumfahamu kwa jina tu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipoanza, sijui hata kufunga hesabu ya mwezi, alikaa nami jioni hadi jioni mpaka leja yangu ikakubali. Mimi na wenzangu wote tulimwita Mzee, na yeye aliniita mwanangu.

Kamati yetu ya utendaji ilikuwa na watu saba. Watano walitaka aandikiwe barua ya siri ya kumwonya, yaishe. Walisema chama ni cha kulinda wanachama, na tukianza kuumbuana nani atalipa ada? Sikuwapinga. Wala sikuwaunga mkono. Nilisema tulifikirie zaidi. Huo ulikuwa mwezi Aprili. Mei nikasema hivyo hivyo. Juni nilikuwa na udhuru wa msiba, nikashukuru moyoni kwamba kikao kimeahirishwa.

Julai mzabuni yule yule alipeleka mabati ya namna ile ile kwenye ujenzi wa nyumba ya mwalimu katika kijiji kingine. Aliyepokea alikuwa mwanachama wetu, kijana, mwangalifu. Hakuwa na habari yoyote, kwa sababu sisi tuliokuwa na habari tulinyamaza. Ndugu zangu, kosa la kwanza lilikuwa la Mzee. Hili la pili lilikuwa langu, na sijapata mtu wa kumsukumizia.

Agosti tukamwita. Alikuja amevaa koti, ameshika kofia mkononi, akakaa upande wa pili wa meza ambayo yeye mwenyewe aliichangia. Hatukuona dalili kwamba alipewa kitu. Alichukua neno la dereva, basi. Nilipomuuliza kwa nini hakupima, aliniangalia muda mrefu, akasema, “Mwanangu, ningelipima kama ningekuwa na cha kupimia. Miaka ishirini na mbili niko stoo ile. Nani aliwahi kunipa kipimo?”

Hakuna aliyejibu. Katika chama kizima, chenye semina, fulana na sherehe ya kila mwaka, hatukuwa na maikromita hata moja.

Tulimsimamisha uanachama kwa miezi kumi na miwili na kupeleka jalada kwa Bodi. Siku hiyo hiyo tuliwaandikia wanachama wote: pimeni kabla ya kusaini, na mzigo ukifika usiku andikeni kwenye hati kwamba umepokelewa bila kukaguliwa. Fedha za sherehe ya mwaka ule tukanunulia vipimo. Wajumbe wawili walijiuzulu, na mmoja wao hadi leo tukikutana barabarani anavuka upande wa pili. Mzee nilikutana naye msibani mwaka uliofuata. Alinipa mkono. Hakusema neno, nami sikupata la kusema.

Watu huniuliza kama ningefanya tena. Ningefanya Aprili.

Siku hizi mambo mengi yamehamia kwenye kompyuta. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali zinapita katika mfumo wa NeST, na hilo ni jema, kwani limepunguza mikono ya kupita katikati. Lakini mfumo hauwezi kushika bati na kulipima. Pale mlangoni pa ghala bado anahitajika mtu, na mtu huyo bado anahitaji chama kitakachomwezesha kumwambia dereva ngoja mpaka asubuhi.

Jambo jingine lililotugawa ni la wale wasio na vyeti. Sheria inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa, nami naiunga mkono. Lakini nendeni kwenye zahanati zenu mkaangalie nani anashika ufunguo wa stoo ya dawa. Mara nyingi ni kijana wa kidato cha nne, au mhudumu aliyepewa stoo kwa sababu ni mwaminifu. Wenzangu walisema tukiwafundisha hawa kwa bei ya chini tutaishusha taaluma. Mimi niliona tukiwaacha tumeshusha taaluma tayari, ila mbali na macho yetu. Tukaanza mafunzo ya Jumamosi katika kumbi za parokia, kwa nauli na chai tu, na aliyeonyesha juhudi tukamsaidia kujiandikisha kwa mitihani ya Bodi.

Tulifundisha mambo machache. Dawa inayoisha muda mapema ikae mbele na itoke mapema, hata kama iliingia jana. Kila boksi linalotoka liandikwe kwenye kadi iliyoko rafuni saa ile ile, si jioni. Na hesabu ya kuagiza: kama mnatumia pakiti 200 za chumvichumvi za kuharishia kwa mwezi, na mzigo huchukua miezi miwili kufika, basi 400 zitaisha mkiwa mnangoja. Ongeza 200 za akiba. Kwa hiyo agiza mkibakiwa na 600, msingoje zibaki 100. Sista mmoja aliposikia hesabu hiyo alicheka akasema kumbe siku zote wamekuwa wakiagiza siku ya msiba.

Wahisani, nanyi nina neno, na mtanivumilia. Mwaka mmoja tulipokea kontena la dawa kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Sehemu kubwa ilikuwa imebakiza miezi minne mitano tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1996 unasema dawa za msaada zinapofika nchini ziwe bado na angalau mwaka mmoja. Dawa iliyopitwa na muda haitupwi jalalani. Inateketezwa kwa utaratibu na gharama, na gharama hiyo huangukia zahanati. Wenye zahanati waliogopa kusema, wakatuomba chama kiseme. Mhazini wetu alinisihi nisisaini barua ile, maana marafiki hao hao ndio waliolipia semina yetu. Nilisaini. Walikaa kimya miezi minane. Kisha ikaja barua fupi kuomba orodha ya mahitaji yetu kabla ya kufunga kontena jingine.

Kwa kamati za parokia ombi langu ni dogo. Anayeagiza asiwe ndiye anayepokea, na anayepokea asiwe ndiye anayelipa. Najua parokia nyingine haina watu watatu wa kuaminiana kiasi hicho. Basi wawe wawili, na leja ikaguliwe na mtu wa kigango kingine kila baada ya miezi mitatu. Na kama katika parokia yenu yuko mtaalamu aliyesajiliwa, msimngoje ajitokeze. Sisi watu wa stoo hatujui kujitokeza.

Nimeonyeshwa saa. Katika begi langu nina kadi za mfano za rafuni, zipatazo hamsini, na maikromita moja. Wakati wa chai nitakuwa pale chini ya mwembe kwa yeyote anayetaka kuona inavyotumika.